Baba anataka meza ya wazazi, mama hataki hata kumwona: wageni wangu niwapangeje ukumbini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Tabata na nafanya kazi ya uhasibu Kariakoo. Nafunga ndoa wiki tatu kutoka leo, siku ya Jumamosi. Ibada ni saa 8 mchana, sherehe ukumbini kuanzia saa 12 jioni. Michango imekwenda vizuri kuliko tulivyotegemea, gauni lipo, pete zipo. Kinachoninyima usingizi ni viti.

Naomba nikueleze familia yetu kwanza. Sisi ni Wachaga wa Machame, mchumba wangu ni Mpare wa Same. Baba na mama waliachana nikiwa darasa la tatu. Baba akaoa mwanamke mwingine, wakahamia Mwanza. Mama alihangaika na sisi watoto watatu kwa kuuza vitenge, baadaye akaolewa na baba aliyenilea, ambaye alikuwa anafanya kazi bandarini na sasa amestaafu. Baba mzazi alikuwa anapiga simu sikukuu, ila ada hakuwahi kulipa. Wakati wa mahari wazee wa ukoo walisema lazima yeye ndiye apokee. Akaja, akapokea, mambo yakaisha kwa amani. Sasa amechanga milioni mbili, na amempigia mwenyekiti wa kamati kumwambia kwamba yeye na mke wake watakaa meza ya wazazi wa bibi harusi, maana yeye ndiye mwenye mtoto. Mama alipopata habari akasema yule mwanamke akikaa naye meza moja, yeye siku hiyo atabaki nyumbani aangalie picha kwenye simu. Namjua mama yangu, akisema amesema.

La pili ni kamati yenyewe. Kwenye kikao cha Jumapili mwenyekiti alileta pendekezo kwamba meza za mbele wakae waliochanga kuanzia laki tatu kwenda juu, katikati wenye kadi za double, nyuma wenye single. Alisema ndiyo haki, na itawasukuma ambao hawajamaliza ahadi zao. Wajumbe wengi wakakubali. Mimi nilikaa kimya, lakini nilipoangalia orodha nikaona wamama wa kikoba cha mama wote wameangukia nyuma kabisa, karibu na vyoo. Hao ndio waliochangishana nikapata ada ya kidato cha tano. Single yenyewe wengine wameilipa kwa mafungu.

La tatu ni idadi. Tumetoa kadi 90 za single na 115 za double, yaani watu 320. Meneja wa ukumbi anasema ukumbi wake ni wa watu 300.

Halafu wajomba wa mchumba wangu ni Waislamu, wanakuja na Coaster kutoka Same pamoja na wake zao. Upande wetu bia ni lazima na ndafu ni lazima. Na bibi yangu anatoka Machame, ana miaka zaidi ya 80, magoti yanamsumbua na masikio hayasikii vizuri.

MC anasema tusijisumbue kupanga, harusi za Dar watu wanachelewa, kila mtu akae anapopata. Dada yangu anasema kila kiti kiwe na jina. Nimsikilize nani?

Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nitakujibu kwa urefu, maana msimu wa harusi ukianza mambo kama haya yanatokea kwenye kumbi nyingi za mji huu, na mengi yangeweza kumalizwa mapema sebuleni kwa mtu, kwa chai.

Nianze na pendekezo la kamati, kwa sababu hilo likipita, mengine yote yatakuwa magumu. Likatae. Mtu anapochangia harusi ya mtoto wa mwenzake, anarudisha alichochangiwa au anaweka akiba kwa siku ya mwanawe. Kadi ndiyo shukrani yake: ataingia, atakula, atakunywa, atakaa. Kumpanga tena kwa kiasi alichotoa ni kumpima mara ya pili. Na kumbuka kwamba kwenye grupu la WhatsApp orodha ya majina na kiasi imekuwa ikibandikwa kila jioni. Kila mgeni anajua nani ametoa nini. Ukiwapanga mbele hadi nyuma kwa hela, utakuwa umeisoma ile orodha kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, na mama aliyelipa single kwa mafungu atakaa usiku kucha akiangalia migongo ya watu. Hawa wamama walikulipia shule. Siku kama hii hawawezi kukaa karibu na vyoo, mwanangu. Haiwezekani.

Lakini usiende kulipinga pendekezo kwenye kikao. Mwenyekiti amejitolea miezi kadhaa, anapiga simu usiku, anatukanwa na wasiotaka kulipa. Ukimkatalia mbele ya wajumbe utamvunjia heshima bure. Nenda nyumbani kwake wewe na mchumba wako, jioni ya katikati ya wiki, mmshukuru kwanza, kisha mmwambie mnachotaka. Shida yake ya kweli ni ahadi ambazo hazijalipwa, na hiyo ina dawa yake ya siku zote: kadi anapewa aliyekamilisha. Waliochanga sana wanastahili shukrani, na shukrani nzuri ni nyinyi wawili kuwapigia simu mmoja mmoja kabla ya harusi, halafu MC akaishukuru kamati na wachangiaji wote kwa pamoja. Mwenyekiti mwenyewe mtamkie kwamba atatambulishwa kwa jina na atasimama. Atakuelewa.

Sasa wazazi. Hapa ndipo nataka tukae zaidi.

Barua yako ina mistari mingi juu ya baba mzazi na mingi juu ya mama. Baba aliyekulea umempa sentensi moja, na hukuniambia anataka nini. Nadhani hata nyumbani hakuna aliyemuuliza. Mzee aliyestaafu bandarini, aliyelea watoto watatu wa mtu mwingine, ameona mahari inapokelewa na mwingine akanyamaza, na sasa anasikia kwenye simu kwamba meza ya wazazi nayo ina mwenyewe. Watu wa namna hiyo hawagombi. Wanasema "nyinyi pangeni tu, mimi popote nitakaa," na sote tunashukuru kwamba hana makuu. Kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, kaa naye wewe peke yako. Muulize angependa kukaa wapi, na angependa kufanya nini siku hiyo. Sikiliza jibu lake mpaka mwisho, na akikujibu "popote", usilipokee jibu hilo. Mwambie wewe unataka akae wapi.

Mpango wangu ni huu. Upande wa bibi harusi uwe na meza mbili za wazazi, zote mstari wa kwanza, zote na kitambaa kilekile, maua yaleyale, viti vilevile. Meza ya kwanza akae mama, baba mlezi, na ndugu za mama: wajomba na mama wadogo. Meza ya pili akae baba mzazi na mke wake, pamoja na kaka zake, mashangazi zako na wazee wa ukoo. Zisigusane. Kati yake weka meza ya wasimamizi waliowahi kuwasimamia wazazi, au wazee wa kanisa, watu wanaoheshimika pande zote na wanaojua kuongea na yeyote. Zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka meza kuu. Hilo upime kwa hatua, usikadirie kwa macho, kwa sababu kuna watu watapima.

Kwa mpango huo baba anapata alichoomba kwa haki. Anakaa mstari wa wazazi, na ukoo wake umemzunguka. Mama naye hakai meza moja na mtu asiyemtaka. Anza na mama. Ukifika kwake usianze na habari za baba, anza na hii: "Mama, hutakaa naye meza moja." Mengine yote atayasikiliza akishatulia. Kwa baba usiende wewe. Mtume shangazi yako, dada yake baba, au baba mkubwa kama yupo na wanaelewana. Aambiwe ana meza yake na ukoo wake, na kwamba hilo limeshaamuliwa. Milioni mbili zipokelewe kwa shukrani kama mchango wa mtu mwingine yeyote, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba angezitoa wakati wa ada. Najua wapo watu nyumbani wanaotamani kulisema. Siku yake siyo hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Unaweza kupanga meza vizuri kabisa, halafu saa 3 usiku MC akashika kipaza sauti na kusema, "Sasa wazazi wa bibi harusi wapite mbele walishwe keki!" Hapo watasimama watu watatu au wanne, na kila mmoja atamwangalia mwenzake. Mpango wa viti unaendelea mpaka kwenye ratiba ya MC. Pitia naye kila mahali ambapo wazazi wataitwa: utambulisho, keki, ndafu, kugonga glasi, neno la wazazi, zawadi. Kila mahali paandikwe majina kamili ya wanaosimama na kwa utaratibu gani. Keki mpelekeeni mama na baba mlezi pale walipo, kisha mwende kwa baba mzazi pale alipo, badala ya kuwaita wote kusimama pamoja. Maharusi wakitembea kwenye meza, hakuna anayelazimika kusimama karibu na asiyetaka kuwa karibu naye. Neno la wazazi wa upande wako litolewe na mtu mmoja tu. Kama baba mzazi alipokea mahari, ningependa baba mlezi ndiye azungumze ukumbini, au ndiye akuingize. Hilo liamue baada ya kuongea naye.

Na mchumba wako yuko wapi katika haya yote? Sijamwona kwenye barua zaidi ya kabila lake. Orodha ya upande wake aifanye yeye na dada zake, kwa majina, wakijua nani mzee kwa nani. Wewe huwezi kujua mjomba yupi ndiye mkubwa Same, na ukikosea lawama itakuwa yako miaka mingi.

Tuje kwenye hesabu. Muulize meneja swali moja: hao 300 ni wa viti vilivyopangwa mistari kama mkutano, au ni wa meza za duara? Tofauti yake ni kubwa, na wengine hutaja idadi kubwa kwa sababu ndiyo inayouza. Nenda ukumbini na mpambaji wako mkiwa na tepu. Meza ya duara ya futi sita inakaa watu kumi, na kila mmoja anapata kama sentimita 57 za ukingo. Inatosha, ila kwa wanawake waliovaa madera na vilemba ni kubana kidogo. Meza ya futi tano inakaa wanane vizuri, ukiweka kumi wanagongana viwiko. Kati ya meza na meza acha mita moja na nusu, maana viti viwili vikipeana migongo vinakula karibu mita nzima, na mhudumu mwenye sahani lazima apite. Ukijumlisha, kila meza ya watu kumi inataka mita za mraba 11 hivi. Watu 320 ni meza 32, yaani zaidi ya mita za mraba 350, kabla hujaweka jukwaa, bafe, meza ya keki, dijei na sehemu ya kucheza. Ukumbi wa mita 20 kwa 25 unaimeza hiyo. Mdogo zaidi ya hapo, kitu kimoja kitaliwa, na mara nyingi kinacholiwa ni njia.

Halafu kuna wanaosahaulika kila harusi: wapiga picha, dijei na vijana wake, mpambaji, dereva wa Coaster. Nao wanakula na wanakaa. Wahesabu.

Kuhusu wale 20 waliozidi, usitegemee kwamba wengine hawatakuja. Wagawane wajumbe wa kamati namba za simu za wenye kadi za double, wawapigie wote wiki ya pili kutoka sasa na kuuliza swali moja la heshima: "Utakuja na nani, tumwandalie kiti?" Wengi watasema wanakuja peke yao, na wachache watakwambia wanakuja na watoto wawili. Yote mawili ni afadhali uyajue leo. Kama bado wamezidi na ukumbi una baraza au uwanja wa nje, weka meza mbili tatu huko pamoja na spika ndogo, na wakae marafiki zako na wa mchumba wako, vijana ambao usiku wote watakuwa wamesimama wanacheza. Mzee asikae nje. Mama wa kikoba asikae nje.

Hao wamama nawapa mstari wa pili upande wako, nyuma ya mama moja kwa moja, na meza zao ziguse ile njia kuu ya katikati. Sababu ni mbili. Mama yako akigeuka awaone watu wake. Siku hiyo atawahitaji, maana mume wa zamani na mke wake wako ukumbi mmoja naye. Na wakati wa zawadi watakuja wakicheza, na sare zao, na vigelegele, pengine na kabati juu ya vichwa vya watu. Kikundi cha wamama 20 hakiwezi kupenya kati ya viti kutoka kona ya vyoo mpaka jukwaani. Kinahitaji njia pana kuanzia kwenye kiti.

Kamati iwe na meza yake karibu na mlango na jiko, kwa sababu ni watu wa kunyanyukanyanyuka. Wafanyakazi wenzako Kariakoo wakae pamoja na bosi wenu, wanafahamiana. Hao wapitie haraka.

Wajomba wa Same wanataka umakini. Wakae mstari wa pili upande wa bwana harusi, meza zilizofuatana, wao na wake zao, na meza hizo zisiwe na bia. Mwambie mkuu wa wahudumu mapema, kwa maneno na kwa maandishi: soda, maji na juisi tu, na mtu asipite na kreti akiuliza. Usiwasogeze kona kwa kisingizio cha vinywaji. Wataona wamefukuzwa kwa ustaarabu. Magharibi inaingia jioni ileile wageni wanapoanza kufika, kwa hiyo muombe meneja chumba kidogo safi, weka mikeka na ndoo ya maji ya kutawadha, na mtu wa mlangoni ajue kuwaelekeza. Mpishi muulize nani anachinja kuku na mbuzi, na huyo wa ndafu pia, kwa sababu mara nyingi ndafu huletwa na mtu mwingine kabisa na hakuna anayeuliza. Achinje Mwislamu, na wageni waambiwe wazi ili wale kwa amani. Kitimoto kisiwepo kwenye bafe lile siku hiyo. Najua wajomba zako upande wa mama watalalamika, ndafu itawatosha.

Mna bahati moja kubwa: Wapare na Wachaga ni watani. Tumia hiyo. Chagua wazee wawili watatu wachangamfu kila upande na uwakalishe meza moja pale katikati ambapo pande mbili zinakutana. Utani wao utafanya kazi ambayo MC hawezi kuifanya.

Bibi akae mstari wa kwanza au wa pili, lakini mbali na spika. Mtu asiyesikia vizuri akiwekwa karibu na spika hasikii zaidi, anaumia tu na kushindwa kumsikia hata aliye pembeni yake. Tafuta kiti chenye mikono, ili ainuke kwa kujishika. Angalia kiyoyozi kinapuliza wapi. Chini yake asikae, na awe na mjukuu mwenye khanga ya kumfunika. Njia yake ya kwenda chooni isiwe na ngazi, ipite mwenyewe uijaribu siku ya kupima. Chakula chake kiletwe mezani kabla foleni ya bafe haijaanza. Na nyinyi maharusi mkishaingia na kutulia, kabla ya shampeni na kabla ya keki, shukeni mkamsalimie pale alipo, maana saa 4 usiku atakuwa amesinzia.

Sasa nani wa kusikilizwa kati ya MC na dada. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Kuandika jina kwenye kila kiti kwa Dar es Salaam hakufai. Mvua ikinyesha na barabara ikafunga, mtu wa Mbagala anafika saa 3, na kiti chenye jina lake kimekaa kitupu huku shangazi wa mtu amesimama. Lakini kuacha kila mtu akae anapopata ni kuwapa meza za mbele wanaofika mapema, na wanaofika mapema ni wale wasio na kazi yoyote siku hiyo. Ndugu zako wa karibu watachelewa kwa sababu wanatoka kanisani, wanapiga picha, wanapanda magari ya msafara. Kwa hiyo panga meza, usipange kiti. Meza za mstari wa kwanza na wa pili ziwe na majina ya watu wake na zilindwe mpaka wenyewe wafike. Zilizobaki zipangwe kwa kundi: kanisa, kazini, majirani wa Tabata, waliosoma na bwana harusi. Ndani ya kundi kila mtu achague kiti chake. Maharusi wakishaingia, kiti chochote kilicho wazi kuanzia mstari wa tatu anapewa aliyesimama, bila majadiliano. Meza mbili zibaki bila kundi kwa ajili ya wageni wa ghafla, maana watakuwepo.

Meza msizipe namba. Mtu akipewa namba 27 anahesabu mwenyewe watu 260 waliotangulia mbele yake. Zipeni majina ya milima, mito na maziwa yetu: Kibo, Mawenzi, Shengena, Meru, Uluguru, Rufiji, Pangani, Nyasa. Shengena, kilele cha kwao Upare, iwe ya wajomba, wataipenda. MC anapoita watu kwenye chakula ataita majina, na hakuna atakayejiona wa mwisho.

Mlangoni wasikae wasichana wa kukodi peke yao, hata wakiwa wachangamfu namna gani, kwa sababu hawawajui watu wenu. Kila upande utoe shangazi mmoja au mama mdogo anayezijua sura, akae na orodha pembeni ya anayekagua kadi. Yeye ndiye atakayemtambua baba mdogo aliyesahau kadi nyumbani, na yeye ndiye atakayemwambia mgeni kwa upole kwamba meza ile imewekewa wazee.

Orodha ifungwe Jumatano kabla ya harusi. Ramani ya ukumbi ichorwe kwenye karatasi kubwa na itolewe nakala: moja kwa MC, moja kwa mpambaji, moja kwa mkuu wa wahudumu, moja mlangoni. Baada ya Jumatano mabadiliko yoyote yapite kwa mtu mmoja. Ningemchagua dada yako, anaonekana ana msimamo. Simu yako mpe yeye Ijumaa jioni, na anayetaka kuhamishwa meza amwambie yeye.

Shangazi